Haki ya Giza

Jina la ufundi wa kupiga picha katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya nuru na la pili lenye maana ya kuandika. Kwa asili ya jina hilo, mpiga picha ni mwandishi ambaye wino wake ni nuru. Mchana wino huo humwagika bure kila mahali, hata mwandishi mvivu hupata wa kumtosha. Usiku wino ni adimu, na kila tone lake lina thamani. Ndiyo sababu picha za usiku huwashinda wengi wanaozipiga za mchana bila ya taabu, na ndiyo sababu swali moja halikomi kuulizwa: ni vipimo gani vilivyo sawa kwa picha ya usiku?

Waulizao swali hili hutaka kupewa namba tatu, kama mgonjwa atakavyo kupewa cheti cha dawa, ili wazitie katika kamera na kwenda zao. Namba hizo zipo, na katika makala haya nitazitaja zile nilizozipima. Walakini namba ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni uamuzi, na uamuzi huo hauhusu nuru tu. Unahusu giza: ni kiasi gani cha giza kibakie katika picha, na ni kitu gani kikae ndani yake.

Kazi yangu ni kufundisha lugha na fasihi. Lakini fasihi ya watu wetu haikuzoea kukaa maktabani peke yake. Hughaniwa, huimbwa na huchezwa, na mara nyingi hufanya hivyo baada ya sala ya isha, kazi za mchana zikiisha na joto likipungua. Mtu atakaye kuiandika kumbukumbu yake hana budi kujifunza kuona usiku, na kuifunza kamera yake kuona pamoja naye. Hivyo nimetembea na kamera katika usiku wa pwani kwa miaka mingi, na haya nisemayo nimeyapata huko.

Nuru huingia katika kamera kwa amri ya mambo matatu. La kwanza ni tundu la lenzi, ambalo huweza kupanuliwa au kubanwa. La pili ni muda, yaani kilango cha kamera kikae wazi kwa sekunde ngapi au kwa sehemu gani ya sekunde. La tatu ni wepesi wa filamu, au wa kihisio katika kamera za siku hizi, kuipokea nuru iliyoingia. Wepesi huu huandikwa kwa herufi ISO na namba mbele yake. Mfano wake ni mtu anayejaza mtungi bombani: mdomo wa bomba ukiwa mpana mtungi hujaa upesi, ukiwa mwembamba yampasa kungoja. Jambo la tatu halilingani vema na mfano huo. ISO hufanana zaidi na kipaza sauti mbele ya mtu anenaye kwa sauti ndogo. Kipaza sauti hakimwongezei msemaji pumzi. Hukuza kile alichokisema, na pamoja nacho hukuza upepo, kikohozi na mlio wa kiti. Kadhalika ISO kubwa hukuza nuru chache iliyopatikana, na pamoja nayo chenga na madoa yasiyokuwamo katika kitu kilichopigwa.

Mambo haya matatu hupimwa kwa hatua, na kila hatua ni maradufu ya jirani yake au nusu yake. Kilango kikiwa wazi kwa sekunde 1/30 huingiza nuru maradufu ya ile ya sekunde 1/60. ISO 200 huhitaji nusu ya nuru inayohitajiwa na ISO 100. Katika tundu hatua huandikwa f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11 na f/16, na hapa wanafunzi wengi hujikwaa, maana namba ndogo ni tundu kubwa. Fumbo hilo hufumbuka mara mtu ajuapo kwamba upana wa tundu hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi ya lenzi kwa namba hiyo. Kitu kikigawiwa wengi, fungu la kila mmoja huwa dogo.

Sasa na tuupime umbali uliopo kati ya mchana na usiku. Kanuni ya wazee wa ufundi huu husema kwamba katika jua kali tundu liwe f/16, na muda uwe moja chini ya namba ya ISO. Kwa ISO 100 muda ni sekunde 1/100 hivi. Nuru tuipatayo kwa mwezi mpevu ni kadiri ya sehemu moja katika 400,000 ya nuru ya jua. Mtu akiliacha tundu na ISO kama vilivyokuwa mchana, kisha akataka ufuko ulioangaziwa na mwezi utokee kama ulivyo adhuhuri, itampasa kuacha kilango wazi kwa muda wa saa nzima na zaidi kidogo. Huo ni umbali wa hatua 18 au 19. Akilifungua tundu mpaka f/4 na kuipandisha ISO mpaka 800, saa ile hupungua ikawa sekunde 30 hivi. Ni nafuu kubwa, lakini sekunde 30 ni muda ambao hakuna mkono wa binadamu uwezao kutulia. Kamera lazima iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu, au juu ya ukuta, na isiguswe.

Hata stendi ina mwisho wake. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na nyota hazimngoji mpiga picha. Wapigao picha za nyota hugawa 500 kwa urefu wa fokasi ya lenzi ili wapate idadi ya sekunde ambazo nyota itabaki nukta. Lenzi ya milimita 24 huwapa kama sekunde 20, na zaidi ya hapo kila nyota huanza kuwa mstari. Wale watumiao filamu wana shida nyingine. Filamu huchoka. Katika muda mrefu upitao sekunde moja au zaidi, kutegemea aina yake, haipokei tena nuru kwa kadiri ileile, na hesabu ya maradufu huvunjika. Karl Schwarzschild, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, alilichunguza jambo hili mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo mwenye filamu hutakiwa kuongeza muda kupita ule hesabu isemao.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini kujitaabisha hivi, na kamera imetiwa kipima mwanga ndani yake? Kipima mwanga ni mtumishi mwaminifu asiye na akili. Hakijui kama kinatazama theluji au makaa. Kimefundishwa kuamini kwamba kila kitu duniani, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha katikati, mfano wa ile kadi irudishayo asilimia 18 ya nuru inayoiangukia. Mchana imani hiyo hukaribia ukweli. Usiku humpotosha mwenye kuifuata, na upotovu wenyewe ni wa namna mbili. Kikielekezwa mahali penye weusi mwingi, kipima mwanga hudhani kwamba nuru imekosekana, kikaiongeza mpaka usiku ukawa kijivu kama asubuhi ya mvua. Kikielekezwa mahali penye taa moja kali, hudhani kwamba nuru imezidi, kikaipunguza mpaka vyote visivyokuwa taa vikazama. Kwa hiyo katika weusi mwingi mpiga picha hupunguza hatua moja au mbili kutoka katika shauri la kipimo, na penye taa kali huongeza, au huipima sehemu ile tu aitakayo na kuiacha taa nje ya hesabu.

Mwezi wenyewe ni kielelezo kizuri cha kosa hili. Wengi huutazama mbinguni usiku wakadhani kwamba ni kitu cha usiku, wakautolea muda mrefu, wakapata duara jeupe lisilo na alama yoyote. Mwezi ni jiwe lililoanikwa juani. Pale ulipo ni mchana, na vipimo vyake ni vya mchana: tundu f/11, na muda moja chini ya namba ya ISO. Basi mtu asimame ufukoni akitazama mwezi mpevu juu ya bahari. Mwezi unataka f/11 kwa sekunde 1/100, na mchanga alioukanyaga unataka nusu dakika kwa f/4 na ISO kubwa. Hakuna kipimo kimoja kiwezacho kuviridhisha vyote viwili. Akiuchagua mwezi, nchi hupotea. Akiichagua nchi, mwezi huungua. Hapo ndipo hesabu inapokoma na hukumu inapoanza.

Hukumu hiyo ilimkuta Ansel Adams, mpiga picha mashuhuri wa Marekani, mwaka 1941 alipokuwa akipita kwa gari karibu na kijiji cha Hernandez katika jimbo la New Mexico. Jua lilikuwa linakuchwa, mwezi umekwisha kupanda, na nuru ya mwisho ilikuwa bado imeigusa misalaba myeupe ya makaburi. Alikitafuta kipima mwanga chake asikione. Lakini alikuwa amehifadhi moyoni kiasi cha mng'aro wa mwezi, mishumaa 250 kwa futi moja ya mraba, naye akafanya hesabu yake kutoka hapo. Alipata picha moja. Kabla ya kupiga ya pili nuru ilikuwa imeondoka misalabani. Hayo yanajulikana na wengi. Lisilosemwa sana ni kwamba anga jeusi lililoifanya picha ile kuwa maarufu halikuwa jeusi hivyo jioni ile. Adams aliutia weusi huo katika chumba cha kusafishia picha, na kadiri miaka ilivyopita aliuzidisha. Kipimo cha kamera kilikuwa mwanzo tu wa uamuzi wake. Giza alilichagua kwa mkono wake mwenyewe.

Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Brassaï aliupiga mji wa Paris usiku, katika ukungu, mvua na taa za barabarani. Alipima muda wake kwa sigara. Sigara ya namna moja ilitosha penye nuru ya kadiri, na sigara ya namna nyingine, nene zaidi, ilihitajiwa penye kiza. Mtu akisikia habari hii hucheka, lakini ina mafunzo ndani yake. Muda wa sigara ni muda wa kusimama na kutazama. Mpiga picha aliyelazimika kukaa mahali pamoja mpaka moto umfikie kidole alikuwa na nafasi ya kuujua mtaa ule, na kufahamu taa ipi ni ya duka na ipi ni ya mlinzi.

Jambo jingine la kushangaza ni kwamba jicho na kamera havioni usiku mmoja. Jicho huhitaji nusu saa hivi kulizoea giza, na likisha kulizoea hupoteza rangi. Chini ya mbalamwezi tunaona maumbo na vivuli, lakini wekundu wa kanga na ukijani wa majani hutuacha. Kamera haina udhaifu huo. Ikiachwa wazi muda wa kutosha chini ya mwezi mpevu, huleta anga la samawati na nyasi za kijani, kama mchana kweli, ila kuna nyota angani. Nilipoiona mara ya kwanza picha ya namna hiyo niliistaajabia, na baada ya kuistaajabia niliichoka. Ilikuwa kweli kwa kanuni za nuru, maana mbalamwezi ni jua lililorudishwa. Lakini hapakuwa na mtu aliyewahi kuuona usiku ule kwa macho yake. Zile sekunde 30 nilizozitaja huleta mchana wa uwongo. Sekunde 15, au 8, huleta ufuko ule tuujuao sisi tuliousimamia.

Lugha yetu haikuufanya usiku kuwa kitu kimoja. Tuna machweo, tuna utusitusi, tuna giza na kiza, tuna giza totoro, tuna mbalamwezi, tuna alfajiri. Mtu aliyezaliwa katika maneno haya hawezi kuridhika na kamera ambayo huugeuza kila usiku kuwa namna moja ya kijivu. Kila neno katika hayo ni kipimo, na lina hatua zake.

Machweo ya kwetu hayampi mpiga picha muda mrefu. Karibu na ikweta jua hushuka wima, na Unguja utusitusi ambao mtu aweza bado kufanyia kazi nje hudumu kadiri ya dakika 22 tu, ilhali London katika mwezi wa Juni hupita dakika 45. Katika nafasi hiyo ndogo, anga na taa za watu huwa na nguvu sawa. Kabla yake taa ni hafifu kuliko anga, na baada yake anga ni shimo. Atakaye kuonyesha mji na mbingu yake pamoja na afike mapema, aitengeneze stendi yake, na awe tayari jua linapozama.

Forodhani, wakati wauza pweza na mishkaki wamewasha taa zao, pana nuru ya kutosha kushika kamera mkononi: ISO 1600, tundu f/2.8, sekunde 1/60. Hapo tatizo ni taa zenyewe. Kihisio cha kamera ya leo kikizidiwa na taa hubakia na weupe mtupu ambao hakuna ufundi wa kuurudishia alama zake, na kwa sababu hiyo ni heri kupima kwa ajili ya mahali peupe na kuyainua mahali peusi baadaye. Waliofundishwa kwa filamu ya negativu walifundishwa kinyume, wapime kwa ajili ya vivuli, kwa kuwa filamu ile huvumilia nuru ikizidi kuliko ikipungua. Shauri la kale na la leo yote mawili ni sahihi, kila moja kwa chombo chake.

Mashua za dagaa ni habari nyingine. Wavuvi wavuao kwa taa hutoka katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapojaa hupumzika, kwa sababu taa haiwezi kuwaita samaki bahari nzima ikiwa imeangaza. Zamani walichukua karabai, na siku hizi wengi wamebadili. Kwa mbali taa zao hufanana na mji uliojengwa juu ya maji. Mpiga picha aliye pwani aweza kuwa na stendi imara kama mwamba, lakini mashua haina stendi. Muda ukizidi sekunde moja au mbili kila taa huchora mstari wa mawimbi yaliyoipandisha na kuishusha. Mwingine huiita hiyo picha iliyoharibika. Mimi huiona ni picha iliyosema kweli juu ya bahari, ikiwa ndicho kilichotakiwa kusemwa.

Katika mambo yote ya usiku hakuna lenye uzito kuliko uso wa mtu. Nyuso za watu wetu zilikuwa na mkosi na kipima mwanga tangu zamani. Kikipewa uso mweusi peke yake huuongezea nuru mpaka ukawa wa kijivu, na kikipewa uso huohuo mbele ya taa huupunguza mpaka ukawa kivuli chenye meno. Hata maabara zilizosafisha filamu za rangi tangu miaka ya 1950 zilisawazisha rangi zao kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na kadi za Kodak zenye wanawake wa rangi mbalimbali hazikuja mpaka miaka ya 1990. Taa ya kamera yenyewe haiponyi. Nuru yake hupungua kwa mraba wa umbali, aliye mbali maradufu akapata robo tu ya nuru. Basi aliye mbele huungua, walio nyuma huzama. Dawa niijuayo ni kuupima uso wenyewe, kupunguza hatua moja ili uwe na weusi wake, na kuiacha nuru itoke upande ule itokako.

Katika kijiji kimoja cha kusini mwa Unguja aliishi mzee mmoja mtunzi wa tenzi, ambaye jina lake nalihifadhi kwa heshima ya jamaa zake. Jicho lake moja lilikuwa limeharibika tangu ujana. Mchana alikuwa mtu wa maneno machache, na aliketi barazani uso wake ameuelekeza ukutani. Usiku, baada ya isha, kandili ikiwekwa upande wa jicho zima, alighani kwa saa mbili bila ya kuchoka. Hakuna aliyemwuliza kwa nini kandili iwekwe pale. Watu wa nyumba yake walijua, na wageni walijifunza kutazama.

Nilimpiga picha kwa nuru ya kandili ile peke yake: ISO 1600, tundu f/2, sekunde 1/15. Kipima mwanga, kwa kuuona weusi wote uliomzunguka, kilitaka robo ya sekunde; sikukifuata. Sekunde 1/15 ni muda mrefu kwa mtu anayetikisa kichwa kwa mahadhi, lakini utenzi una mapumziko yake. Ubeti una vipande vinne vya mizani nane nane, na kipande cha nne hubeba kina kiendacho mpaka mwisho wa utenzi. Kila alipofika katika kina hicho mzee alitulia kitambo, akavuta pumzi, nami nikafungua kilango. Picha iliyopatikana ilikuwa na nusu ya uso, kofia, mkono mmoja na ukingo wa karatasi. Mengine yote yalikuwa giza.

Usiku huohuo mjukuu wake, kijana wa sekondari, alimpiga kwa simu. Simu za siku hizi hazipigi picha moja usiku. Hupiga nyingi kwa mfululizo, huzilinganisha, na kuziunganisha kuwa moja iliyo angavu. Katika picha ya kijana kila kitu kilionekana: ukuta na unyevu wake, chupa za dawa dirishani, mikono yote miwili, na jicho.

Mzee alifariki dunia baada ya miaka miwili. Jamaa walipotaka picha ya kuweka ukumbini waliziweka mbili hizo juu ya jamvi, nami nilikuwapo. Kijana alisema, "Mama, hii yangu ni wazi zaidi, hata hati zake zinasomeka." Mama yake akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mwalimu, hii ya simu baba asingekubali itundikwe. Alikuwa na sitara yake." Akaichukua ile yenye giza.

Napenda msomaji asiharakishe kumhukumu kijana, maana alilolisema lilikuwa kweli. Kwa ruhusa ya mama yake niliikuza picha ya simu, na katika karatasi aliyoishika mzee, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, nilisoma beti mbili zilizotofautiana na vile alivyozighani usiku ule. Kwangu mimi, ambaye kazi yangu ni maneno, tofauti hiyo ilikuwa lulu. Ilinionyesha mtunzi aliyekuwa bado anaisahihisha kazi yake mdomoni, miaka mingi baada ya kuiandika. Picha yangu, pamoja na hatua zote nilizozihesabu, haikuweza kunipa jambo hilo. Basi moja ilitundikwa ukumbini, na ya pili imo katika jalada, hairuhusiwi kuchapishwa, wala kuonyeshwa kwa mtu asiyekuwa na shughuli na beti zile.

Yupo atakayesema kwamba nuru ni kweli na giza ni kuficha, na kwamba mwandishi wa kumbukumbu hana ruhusa ya kuficha. Hoja hii ina nguvu, nami siidharau. Yapo mambo ambayo watu hutumia giza kuyafanya ili wasihukumiwe, na mpiga picha aliyeshuhudia dhuluma usiku na aiangaze kwa kila nuru aliyo nayo. Lakini neno sitara katika lugha yetu lina maana mbili zisizoachana: ni pazia, na ni heshima ya mtu. Mzee yule hakumdhulumu yeyote kwa kandili yake. Alichagua sehemu ya uso ambayo alitaka watu waizungumze naye, kama kila mmoja wetu achaguavyo nguo kabla ya kutoka mlangoni. Kipimo kilichoivunja sitara hiyo kilikuwa sahihi kwa hesabu, na kwa ukumbi wa nyumba yake hakikuwa sahihi.

Kwa hiyo mtu aniulizapo namba za usiku humpa zile nilizozitaja, na humwongezea mashauri mawili matatu. Asiamini kioo cha kamera peke yake, maana katika giza kioo hung'aa kuliko kilivyo, na picha ionekanayo angavu ufukoni hukutwa nyeusi asubuhi. Na aitazame ile grafu ya mwanga ambayo kamera nyingi huionyesha, aone kama kuna kitu kilichomwagika upande wa weupe. Apige tatu: moja kama kipima mwanga kisemavyo, ya pili hatua moja chini yake, ya tatu hatua mbili. Azihifadhi faili ghafi ili aweze kurudi. Kisha, kabla ya kuchagua mojawapo, ajiulize picha hii ni ya nani na itakaa wapi. Jibu la swali hilo ndilo litakalomwambia aipeleke ipi ukumbini, na ipi aitie katika jalada.